Mateja Wetu: Jela au Hospitali, na Nani Alipe?



Ramadhan imeingia tena, na kama ilivyo ada yetu, usiku baada ya tarawehe mabaraza yanajaa, kahawa chungu inazunguka, na mazungumzo huanzia kwenye mpira yakaishia kwenye viatu. Naam, viatu. Maana mwezi huu misikiti ikijaa, hakosi mtu wa kuswali rakaa zake zote kisha akatoka nje akute ndara zake hazipo. Na kila mtu anajua zimekwenda wapi na zimenunua nini. Hapo ndipo mmoja huguna akasema, "Hawa mateja dawa yao ni Shimo la Tewa tu." Mwengine humjibu kwamba kaka yake amekwisha kwenda Shimo la Tewa mara tatu, na kila akitoka hupitia maskani kwanza kabla hata ya kufika kwa mamake.

Swali la pale barazani ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliyeshikwa na unga (simsemi muuzaji, namsema mtumiaji) apelekwe jela au apelekwe hospitali? Na kama ni hospitali, nani alipe? Mamake, ambaye amekwisha kuuza bangili zake za dhahabu, au serikali kwa kodi yetu sote? Mimi jibu langu sitakuficha: apelekwe hospitali, na serikali ilipe. Lakini sitaki unikubalie kwa huruma tu. Twende kwenye historia, kwa sababu jambo hili limekwisha kujaribiwa, kwa wenzetu na hapa kwetu, na matokeo yake yanaonekana.

Neno teja lenyewe silipendi. Nalitumia kwa sababu ndilo tunalolijua, lakini kumbuka kila teja ana jina alilopewa siku ya akika yake.

Fatwa ya zamani

Kuna wanaodhani uraibu ni maradhi ya juzi, yaliyoletwa na watalii na mahoteli. La hasha! Afyuni imejulikana katika nchi za Kiislamu kwa karne nyingi. Ilikuwa dawa ya tumbo na ya maumivu, na wapo walioizoea mpaka ikawatawala, mambo yakafika kwa maulamaa.

Mmoja wa waliofikiwa ni Ibn Hajar al-Haytami, aliyezaliwa Misri, akahamia Makka na kufariki huko mwaka 974 Hijria, yaani zaidi ya miaka 450 iliyopita. Huyu si mgeni kwetu. Ndiye mwenye Tuhfa, sharhe ya Minhaj ya Imam Nawawi, na sisi Mashafii wa Pwani tumelelewa kwa vitabu hivyo, sawa na ndugu zetu wa Hadhramaut. Aliulizwa habari ya mtu aliyezoea afyuni kiasi kwamba akiiacha ghafla atakufa. Jibu lake, kwa maana yake, ni kuwa mtu huyo anaruhusiwa, tena ni lazima kwake, kutumia kiasi cha kuiokoa roho yake. Lakini ni wajibu wake vile vile kupunguza kidogo kidogo mpaka tumbo lake liache kuihitaji, na asipofanya juhudi hiyo anapata dhambi. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, akaichukua fatwa hiyo katika kitabu chake.

Hebu tulia hapo, ndugu yangu. Sheikh hakusema afyuni ni halali. Aliuona mwili ulioshikwa, ambao haukatiki kwa kukemewa, akampa mwenyewe njia ya kutokea, yenye hatua na yenye kipimo. Daktari wa kliniki ya leo akikueleza namna dozi ya methadoni inavyopimwa, ikatulizwa, kisha ikapunguzwa polepole, utadhani wawili hao walisoma chuo kimoja.

Na tukirudi nyuma zaidi, zama za Mtume (s.a.w.) mwenyewe, imepokewa katika Bukhari habari ya sahaba mmoja aliyekuwa akimchekesha Mtume, na ambaye aliletwa zaidi ya mara moja kwa kosa la ulevi. Akapigwa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara kwa mara, na Mtume akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Sitaki kukudanganya, adhabu ilikuwepo. Lakini itazame ilivyokuwa. Ilikwisha pale pale, mtu akarudi kwa watu wake, na nafasi yake katika safu ilikuwa ikimngoja. Hakuna aliyemfungia miaka 20.

Miaka 20 sikuitaja ovyo, nitakuja kwayo.

Wenzetu wa Iran

Watu wakizungumza mambo haya hupenda kutaja Ureno, ambayo tangu mwaka 2001 mtumiaji anayepatikana na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapelekwi tena jela. Ni mfano mzuri, lakini nikiutaja barazani huambiwa hao ni Wazungu, wana mambo yao. Basi twende Iran. (Habari za madhehebu tuziweke kando kidogo, hapa tunazungumza magereza.)

Iran inapakana na Afghanistan, nchi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa shamba kubwa la afyuni kuliko zote duniani. Wakati wa Shah walijaribu huku na kule. Mwaka 1955 kilimo cha afyuni kilipigwa marufuku, na mwaka 1969 kikaruhusiwa tena chini ya serikali, wazee na wagonjwa waliokwisha kuizoea wakiandikishwa na kupewa kuponi. Mapinduzi ya 1979 yakafuta yote hayo. Mraibu akahesabiwa mhalifu, aache au akione. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1989 iliweka hukumu ya kifo kwa aliyekamatwa na zaidi ya gramu 30 za heroini. Maelfu wamenyongwa tangu mapinduzi kwa makosa ya madawa, na katika mapambano na wasafirishaji wa magendo zaidi ya askari 3,000 wamepoteza maisha yao.

Kama ukali peke yake ungetosha, basi Iran ingekuwa nchi safi kuliko zote. Wallahi hakuna aliyeweza kuwaambia Wairani kwamba hawakujaribu.

Kilichotokea ni kwamba magereza yalifurika watumiaji. Na unga, kama ujuavyo, hupita penye upenyo wa sindano. Uliingia ndani ya kuta. Ila sindano zenyewe zilikuwa adimu, kwa hiyo moja, pengine iliyoundwa hapo hapo kwa bomba la kalamu, ikapita mikono ya wanaume wengi. Katikati ya miaka ya 1990 virusi vya Ukimwi vikagunduliwa miongoni mwa wafungwa, na jela ya Kermanshah, magharibi ya nchi, ikawa mfano uliotisha. Wafungwa wale walikuwa na wake zao nyumbani. Vifungo vilikwisha, wakarudi. Jela iliyojengwa kuilinda jamii ikawa ndiyo inayoigawia maradhi.

Wakubwa wa Iran hawakugeuka kwa sababu mioyo yao ililainika ghafla. Waligeuka kwa sababu hesabu iliwashinda. Mwaka 1997 sheria ilirekebishwa, na mraibu anayekwenda mwenyewe kutibiwa akasamehewa adhabu. Mwaka 2000 kule kule Kermanshah ikafunguliwa kliniki ya namna mpya, kazi ambayo madaktari wawili, ndugu wa damu, Kamiar na Arash Alaei, walikuwa mstari wa mbele. Chini ya paa moja yalitibiwa mambo matatu: uraibu, Ukimwi na maradhi ya zinaa. Mtu akiingia mlangoni, jirani hajui amefuata lipi. Hekima hiyo ni ndogo lakini ina maana kubwa katika mji ambao watu wanajuana. Kisha mwezi wa Januari 2005 mkuu wa mahakama, Ayatollah Shahroudi, akawaandikia mahakimu wasiwaingilie wanaotoa methadoni na sindano safi kwa ajili ya kuzuia maradhi. Methadoni ikaingia hadi magerezani. Kufikia miaka ya 2010, Wairani waliokuwa kwenye tiba hiyo walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Nisikupambie. Iran haikuacha kunyonga, na mpaka mwaka 2017 ndipo viwango vya kumpeleka mtu kitanzini vilipopandishwa. Wale ndugu wawili madaktari wenyewe walikamatwa mwaka 2008 na kufungwa kwa tuhuma za kushirikiana na adui wa nchi, halafu wakaachiwa. Na waraibu bado wako wengi. Lakini katika jambo moja dola kali kuliko nyingi lilikubali kwamba mgonjwa wa unga hatibiki kwa kufuli, likatoa pesa zake kumtibu.

Hapa kwetu Pwani

Utauliza, Kermanshah na Kisauni wapi na wapi? Unga wa Mombasa na ule wa Iran unatoka shamba moja. Husafiri kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, iliyoko Iran na Pakistan, na kuteremka na bahari ile ile iliyowaleta mababu zetu wa biashara. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Tani nzima, ndugu msomaji, ndani ya chombo kimoja.

Unga ulianza kuonekana katika miji yetu ya Pwani kwenye miaka ya 1980. Ulikuwa wa hudhurungi, wenyewe wakiuita brauni shuga, moshi wake ukivutwa juu ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au ukichanganywa na bangi katika msokoto walioupa jina la kokteli. Kwenye mwaka 1998 na 1999 ukaingia unga mweupe, na huo ndio uliokuja na sindano. Baada ya hapo yakatufika yale yale ya Kermanshah. Hesabu zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kuwa katika kila watu 100 wanaojidunga nchini Kenya, karibu 18 wana virusi vya Ukimwi, ilhali kwa watu wazima wa kawaida ni kama 6.

Na sheria ilisemaje? Bunge lilipitisha Sheria ya Madawa ya Kulevya mwaka 1994. Ndani yake, mtu aliyepatikana na heroini, akaithibitishia korti kwamba ni ya kutumia mwenyewe, hukumu yake ilikuwa kifungo cha miaka 20. Ndiyo hiyo miaka 20 niliyokuahidi. Kete moja iliyofungwa kwa karatasi ya daftari! Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo ilikuwa na sehemu nzima ya vituo vya kuwarekebisha waraibu, na ikaipa korti uwezo wa kuamuru sehemu ya kifungo itumikiwe huko. Jela zilikuwepo tayari, tena nyingi. Vituo vilibaki kwenye karatasi miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa na adhabu za kupatikana na madawa zikapangwa upya kwa kufuata uzito, lakini mwenye kete ya unga bado njia yake ya kwanza ni selo.

Nani basi aliyewatibu vijana wetu miaka yote hiyo? Raia. Malindi ilianzishwa Omari Project mwaka 1995. Mombasa jumuiya yetu ya MEWA ikafungua kituo, na Reachout nao wakawafuata vijana huko huko maskani. Majumbani, akina mama walifanya kazi ya hospitali bila ya dawa: kumfungia kijana chumbani na ndoo na blanketi, arosto ikimtikisa, huku wao wako nje ya mlango wanasoma Yasin.

Halafu kukaja Desemba 2010. Unga ukaadimika ghafla Pwani nzima, hali ikaendelea hadi mwaka 2011. Wenye kupenda jela wangetegemea sasa mambo yamekwisha, maana bidhaa haipo. Haikuwa hivyo. Vijana walianguka na arosto mitaani, wengine wakaparamia vidonge na pombe, wengine wakabisha milango ya hospitali wakiomba msaada. Siku zile ndizo zilizoonyesha wazi kwamba unga ukiondoka, ugonjwa unabaki kwa mgonjwa, na hospitali zetu hazikuwa zimejiandaa. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Sisi tulingoja.

Mwaka 2014 ndio ninaoukumbuka zaidi, kwa sababu serikali yetu ilifanya mambo mawili. Mwezi wa Agosti iliipeleka baharini meli ya Amin Darya, iliyokamatwa na zaidi ya kilo 370 za heroini, ikairipua kwa mabomu huku kamera zikipiga. Moshi ulipanda, watu wakapiga makofi. Mwezi wa Desemba, bila ya makofi, hospitali ya Mathari jijini Nairobi ikaanza kutoa methadoni. Malindi ikafuata mwanzoni mwa 2015, kisha Kisauni, na baadaye dawa hiyo ikafika hadi ndani ya Shimo la Tewa penyewe. Ule mripuko mkubwa watu bado wanausimulia. Lakini waliorudi kwa wake zao, wakarudi kwenye mkokoteni na kwenye bodaboda, ni wale wa foleni ya asubuhi mbele ya dirisha la muuguzi.

Najua utasema methadoni nayo ni dawa ya kulevya, tumemtoa kwenye unga tukamtia kwenye nyengine. Wazee wengi wananiambia hivyo na siwalaumu. Ni kweli ni ya jamii moja na afyuni, na mtu huweza kukaa nayo miaka. Tofauti ni kwamba hunywewa, haidungwi, hupimwa, ikiwa kwa kipimo chake haimleweshi aliyezoea, na hakuna anayelazimika kuiba kiatu chako ili aipate. Wapo wanaorudi nyuma, tena si wachache. Hata hivyo mfungwa naye hurudi nyuma, kwa hatari kubwa zaidi: mwili wake umekwisha kusahau kipimo cha zamani, anatoka mlangoni, anapiga kile kile alichokuwa akipiga, anafariki siku zile zile za mwanzo za uhuru wake. Jambo hili madaktari wanalijua vizuri, na waosha maiti pia.

Na mwizi wa viatu je? Ameiba, wizi ni wizi, na muuzaji anayemgawia ndiye mwenye haki ya ile jela yetu. Mimi nazungumzia aliyekamatwa na maradhi yake mfukoni.

Nani alipe?

Hapa ndipo baraza hupasuka. "Kodi yangu imtibu aliyeniibia?" Ndugu yangu, kodi yako inamlipia sasa hivi. Uji wake wa jela, maharagwe yake, mshahara wa askari anayemlinda, dizeli ya gari linalomrudisha kortini kila kesi ikiahirishwa. Unalipa, halafu unarudishiwa mtu yule yule akiwa na kifua kikuu juu yake.

Na hili la tiba kulipiwa na mfuko wa umma hatukulipata kwa Wazungu. Nur ad-Din Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154. Sultan Qalawun, anayesimuliwa kuwa alitibiwa katika hospitali hiyo akaweka nadhiri, akajenga yake Cairo mwaka 1284. Zote ziliendeshwa kwa wakfu, na ya Cairo ilikuwa wazi kwa mwanamume na mwanamke, tajiri na fakiri, na waliorukwa na akili walikuwa na sehemu yao ya kutibiwa. Mlangoni hakuulizwa mtu kama maradhi yake ameyatafuta mwenyewe. Na sisi Pwani mali za wakfu tunazo, maduka na majumba. Ni nadra kusikia moja iliyowekwa kwa ajili ya kitanda cha mraibu.

Serikali nayo haina pa kujificha. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na tangu 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Lakini methadoni yetu, ijapokuwa inatolewa katika hospitali za serikali, tangu mwanzo ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya pesa za wafadhili, hasa Marekani. Januari 2025 Rais Trump aliporudi madarakani na kusimamisha misaada ya nje, miradi ya Ukimwi nchini ilitikisika, ya waraibu ikiwa miongoni mwake. Fikiria mtu amejenga maisha yake juu ya dozi ya kila siku, kisha dozi hiyo inategemea saini ya mtu aliyeko Washington. Jela za Kenya hazijawahi kungoja mfadhili. Wala askari hawajawahi kuambiwa pesa za pingu zimekwisha.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma gazeti hili, kaunti yako ikiitisha wananchi kutoa maoni ya bajeti, na kisheria ni lazima iitishe, nenda ukaulize dawa hii imewekewa shilingi ngapi. Nenda na mamake mmoja wao.

Na kuna dogo la mwezi huu. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, na nguvu yake hukaa saa 24 au zaidi. Muislamu aliye kwenye tiba anayetaka kufunga hukwama pale dirisha la kliniki linapofunguliwa asubuhi na kufungwa mchana: anywe dawa afungue, au afunge alale na arosto. Kuala Lumpur, msikiti wa Ar-Rahman ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya ulianza kutoa methadoni mwaka 2010, ndani ya eneo la msikiti. Sisi hatujaomba hata hayo. Tumeomba lini kliniki zifungue dirisha moja baada ya magharibi, muuguzi mmoja na askari mmoja, kwa siku 30? Maimamu wetu wakiandika barua hiyo wiki hii, bado kuna muda kabla ya kumi la mwisho.

Wabillahi taufiq.